Chakula cha harusi kwa bajeti ndogo: anza na vichwa na kilo, bei ije baadaye

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari zenu. Kazi yangu ni kupika kwenye shughuli, na nyingi ni harusi. Maharusi wakinipigia simu, swali la kwanza karibu kila mara ni "sahani moja ni kiasi gani?" Huwa silijibu. Nauliza kwanza watakuja watu wangapi, saa ngapi, na nani atashika upawa: mhudumu anayempimia mgeni, au mgeni mwenyewe ajipakulie. Hayo matatu ndiyo yanayopanga gharama. Bei ya sahani inafuata nyuma yake.

Nieleze kwa kisa, maana ndicho kilichonibadilisha.

Nilipika harusi ya mtoto wa dada yangu. Nyama niliipima mwenyewe kwenye mizani, kilo kwa kilo, na nilikuwa na uhakika inatosha na kubaki. Meza ya bafe ikaachwa wazi, kila mtu ajipakulie. Nimesimama nyuma kwenye sufuria ya pili, mhudumu ananijia na chombo kitupu: nyama imekwisha, na meza tatu bado hazijala. Nikachungulia. Dada yangu, mama mzazi wa bibi harusi, alikuwa amezunguka kusalimia wageni mpaka akawa wa mwisho kukaa. Sahani yake ilikuwa na wali na majani mawili ya saladi. Alikuwa anakwangua mchuzi kwa kijiko kwenye chombo kilichobakia mafuta tu, taratibu, ili asionekane.

Tulipoanza kukusanya vyombo, sahani za meza za mbele zilirudi na nyama. Vipande vizima. Vingine vimeng'atwa mara moja vikaachwa. Nilivihesabu pale pale kwenye ndoo, nikapita arobaini. Waliokosa ni watu thelathini.

Kwa hiyo chakula kilikuwepo. Kilipotelea kati ya sufuria na mdomo. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia hela haitoshi, kabla sijamwambia apunguze aina ya mchele au anunue nyama ya bei rahisi, namwambia tukae tuhesabu.

Hesabu zenyewe ndizo hizi, na ninazitumia mpaka leo.

Mchele: kilo 1 mbichi inalisha watu wazima 10, ikiwa wali ndio chakula kikuu mezani. Ni gramu 100 kwa mtu, na ukiiva unakuwa karibu mara tatu ya uzito wake. Ukiweka na viazi au mkate pembeni, punguza. Watu wengi hukosea hapa: wanaweka vyakula vitatu vya wanga na kila kimoja wanakipika kwa waalikwa wote. Tumbo la mgeni ni lile lile moja. Kikiwa kimoja kinapendwa na kingine ni cha kuongezea, napika kile cha kwanza kwa watu saba katika kila kumi, cha pili kwa watu watano katika kumi. Jumla inazidi kidogo waliopo, na hicho kidogo ndicho akiba.

Nyama isiyo na mfupa: gramu 180 mbichi kwa mtu. Ikiiva inapungua robo hadi theluthi, kwa hiyo anapata kama gramu 125 mdomoni, ambazo zinamtosha mtu mzima. Yenye mfupa, hesabu gramu 250. Kuku wa kilo moja na robo hadi moja na nusu anatoa vipande 8. Kuku akiwa ndiye kitoweo pekee, vipande viwili kwa mtu, yaani kuku mmoja kwa watu wanne. Akiwa pamoja na nyama, kipande kimoja kinatosha.

Matunda msiyanunue kwa macho. Nanasi likimenywa na kutolewa moyo, karibu nusu ya uzito uliolipia inakwenda kwenye ndoo ya maganda. Matunda na mboga za msimu wake ni nafuu, yameiva vizuri, na hayana mengi ya kukatwa na kutupwa.

Vinywaji: glasi mbili kwa mtu saa ya kwanza, kisha glasi moja kila saa. Shughuli ya saa nne ni glasi tano, karibu lita moja na robo. Kukiwa na joto au kucheza sana, maji ndiyo yanayoongezwa, si soda.

Watoto wadogo, nusu sahani. Msisahau kuwahesabu, na msiwahesabu kama watu wazima.

Sasa chukua watu 120: kilo 12 za mchele, kilo 22 za nyama isiyo na mfupa, vinywaji lita 150. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi unaweza kukaa na mpishi yeyote mkaelewana. Bila hiyo unanunua sahani usiyoijua ina nini.

Karibuni kwa maswali, nitajibu nikitoka jikoni.

#2 Bwana harusi mtarajiwa

Shikamoo mama. Uzi umekuja wakati wake kabisa. Harusi yangu ni wiki sita zijazo. Orodha ina watu 200. Kwa makadirio niliyopewa na wapishi watatu tofauti, hela tuliyonayo inalisha watu 140 kwa menyu tuliyoichagua: wali, viazi, nyama, kuku, samaki, mboga mbili, saladi, matunda, keki. Wazazi wanasema tutafute mpishi wa nne mwenye bei ya chini. Mchumba wangu anasema tupunguze watu. Mimi nimekaa katikati, usingizi haupo.

#3 Dada wa bibi harusi

Kaka #2 pole. Sisi tulitafuta huyo "mpishi wa nne" kwenye harusi ya mdogo wangu. Alikuwa chini kuliko wote. Siku ikafika, tukaambiwa usafiri wa vyombo ni juu yetu, gesi juu yetu, wahudumu wakipita muda uliopangwa kuna nyongeza, na sahani zikivunjika tunalipa. Vyote hivyo kwenye bei za wale wengine vilikuwemo. Ukijumlisha, tulimlipa kuliko yule wa kwanza tuliyemwona ghali, na tulilipa siku ile ile, kwa hela tuliyokuwa tumeweka kwa ajili ya mambo mengine.

#4 Mleta uzi

Marahaba mwanangu #2, hongera sana.

Alichosema dada hapo juu kichukue kama kilivyo. Bei mbili hazilinganishwi mpaka zihesabu vitu vile vile. Mwombe kila mpishi aandike: vyakula na kilo zake, vyombo, usafiri, nishati ya kupikia, wahudumu wangapi na mpaka saa ngapi, nani anaosha, kodi imo au haimo, kuvunjika kwa vyombo kunalipwaje. Ukumbi nao una yake: kuna unaotoza ukileta vinywaji vyako, na kuna unaotoza hata kukata keki. Ulizeni kabla ya kusaini, si mkishalipa malipo ya awali.

Sasa tuje kwenye hesabu yako. Una njia tatu, na ya kwanza ni kubwa kuliko mbili nyingine zikijumlishwa.

Ya kwanza ni vichwa. Mchumba wako ana haki. Mtu mmoja akitoka kwenye orodha hatoki na sahani tu. Anatoka na kiti, nafasi mezani, glasi zake tano, kipande chake cha keki, kadi yake, na sehemu yake ya mhudumu. Ukibana menyu unaokoa kwenye sufuria peke yake. Ukitoa watu 30 umeokoa kila mahali. Najua ni jambo gumu kwa wazazi, na nakuomba usiwapelekee hoja ya hela. Wapelekee orodha yenyewe, mpitie jina kwa jina na kuulizana: huyu tumezungumza naye mwaka huu? Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo, na majina yanayotoka kwa kukubaliana ni mengi kuliko mtu anavyotegemea.

Halafu tofautisha walioalikwa na watakaokuja. Weka tarehe ya mwisho ya kujibu, wiki tatu kabla, na wasiojibu wapigieni simu mmoja mmoja. Msitume ujumbe, pigeni. Namba ya mwisho mpe mpishi siku saba hadi kumi kabla, kwa maandishi, maana hiyo ndiyo atakayonunulia na ndiyo utakayolipia hata wasipotokea.

Ya pili ni aina za vyakula. Menyu yako ina vitoweo vitatu na wanga mbili. Nakushauri kwa moyo wote utoe samaki. Si kwamba ni mbaya, ila kwenye watu wengi ndiye anayeharibika upesi, anakauka akikaa kwenye chombo cha moto, na anahitaji mtu wake wa kumwangalia. Kitoweo kimoja kilichopikwa vizuri na cha pili cha kuongezea vinamheshimu mgeni kuliko vitatu vilivyopoa.

Ya tatu ni saa. Shughuli ikiangukia saa ya chakula cha mchana au cha jioni, mgeni anakuja na njaa yake na ana haki ya kushibishwa. Ikiwa kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, vitafunio sita hadi nane kwa mtu pamoja na vinywaji na keki vinatosha. Sharti ni moja: kadi iseme wazi kwamba kutakuwa na vitafunio. Asiyeambiwa atakuja tumbo tupu, na atakuwa hana kosa.

#5 Mama wa watatu

Naomba kupingana kidogo na mleta uzi, kwa heshima. Hiyo ya kuweka mtu ashike upawa na kumpimia mgeni nyama, kwetu sisi tuliowahi kupimiwa inauma. Unafika pale, unapewa kipande kimoja, unaangalia kwenye chombo vimejaa, na unaona aibu kuomba. Harusi ni furaha. Kwa nini mgeni ajisikie kama yuko kwenye foleni ya mgao?

#6 Mleta uzi

Dada #5, umesema neno ambalo wapishi wengi hatulisikii, na nimelirudia mara mbili. Nakubali kwamba inauma ikifanywa vibaya.

Niseme ninavyoifanya. Anayeshika upawa simchagui kwa ukali wa mkono. Namchagua anayejua kutazama watu usoni. Anasema "karibu," anaweka vipande viwili, kisha anauliza, "nikuongezee mchuzi?" Mchuzi hauna kizuizi. Meza ya mwisho ikishapata, mshereheshaji anatangaza kwamba anayetaka kuongeza arudi, na akirudi anapewa bila kuulizwa kitu. Hapo kipimo kinakuwa ni cha kuhakikisha duru ya kwanza inawafikia wote. Mgeni hanyimwi.

Na kuna mambo yanayopunguza haja ya kupima bila kumgusa mtu. Mpangilio wa meza ni mmoja: sahani, kisha mboga na saladi, kisha wanga, nyama mwisho kabisa. Nyama ikiwekwa mwanzoni, sahani inajazwa nyama kwa sababu bado ni tupu. Ikiwa mwisho, nafasi imeshabaki ndogo.

Ukubwa wa sahani ni jambo jingine. Sahani ya upana wa sentimita 30 ina eneo kubwa kwa asilimia 44 kuliko ya sentimita 25. Zipange pembeni kwa pembeni hutaona tofauti kubwa, ila pakua wali kwa unene ule ule uone. Ukikodi vyombo, omba zile za 25. Hakuna mgeni atakayejua, na chakula kitakachorudi jikoni kikiwa makombo kitapungua.

Na njia inayonipendeza kuliko zote, ila inataka vyombo vingi: kila meza iletewe chakula chake kwenye mabakuli, watu kumi wagawane wenyewe. Watu wanaojuana wakigawana bakuli moja wanaangaliana. Mzee anawekewa kwanza, mtoto anakatiwa. Hakuna foleni, na hakuna meza inayokosa. Nyama ya meza kumi unaigawa mabakuli kumi sawa jikoni kabla haijatoka hata moja.

#7 Mama wa watatu

Hiyo ya mabakuli nimeipenda. Asante kwa kunijibu vizuri mama.

#8 Mchangiaji

Na kama familia ikipika yenyewe? Sisi tuna shangazi wanne wanaojua kupika haswa. Tuko 90. Gharama itashuka sana, au?

#9 Mhudumu wa bafe

#8 mimi nimehudumu miaka mingi. Gharama ya kupika inashuka, ndiyo. Lakini ulizeni: hao shangazi watavaa saa ngapi? Nimeona shangazi anaingia ukumbini mkono bado una kitunguu, picha ya familia imeshapigwa hayumo. Hakulalamika, na ndiyo ikaniuma zaidi. Kama mtapika wenyewe, basi siku ya harusi kuanzia kupakua mpaka kuosha lipeni watu. Bafe ya kujipakulia, mhudumu mmoja kwa watu 25 hadi 30. Ya kuletewa mezani, mmoja kwa 10 hadi 15.

#10 Mleta uzi

Mhudumu, Mungu akubariki kwa hilo la shangazi.

#8, watu 90 inawezekana, ila kuna mambo mawili ambayo mpishi wa nyumbani hakutani nayo kila siku.

La kwanza ni ukubwa wa sufuria. Mapishi ya watu 6 huwezi kuyazidisha mara 15 ukamaliza. Kwenye sufuria kubwa maji hayakauki kwa kasi ile ile, kwa hiyo ukizidisha maji ya wali kama ulivyozidisha mchele, utapata bokoboko juu na ukoko chini. Punguza maji, weka ya moto ya akiba pembeni uongeze kadiri unavyoona. Viungo vikali na pilipili anza na theluthi mbili ya hesabu yako, uonje, ndipo uongeze. Wali napika kwenye sufuria mbili au tatu za kati, si moja kubwa. Moja ikiungua, bado una nyingine. Na fanyeni majaribio wiki mbili kabla, sufuria moja, moto ule ule mtakaoutumia. Muda wa kuchemka peke yake utawashangaza.

La pili ni usalama, na hapa naomba nisikilizwe, kwa sababu ndipo watu wanaotaka kuokoa hela wanapoumia.

Chakula kilichoiva kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi au chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo vijidudu vinazaana. Shirika la Afya Duniani linaelekeza chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa mbili. Sasa fikiria jungu la nyama limeepuliwa saa nne usiku, limefunikwa vizuri na kuachwa mpaka asubuhi. Katikati ya jungu lile panabaki vuguvugu usiku kucha. Kuna kijidudu kinachopenda hasa hapo, kwenye vyombo vikubwa vya nyama na mchuzi vinavyopoa polepole, na karamu nyingi zimeumiza watu kwa njia hiyo.

Wali nao watu wanauona hauna shida. Mchele unakuja na mbegu za kijidudu ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinatoa sumu, na sumu moja katika hizo haiondoki hata ukiupasha moto tena mpaka ufuke moshi. Kwa hiyo wali upikwe siku ile ile, karibu na saa ya kula. Hakuna kiporo cha wali kwenye harusi.

Mkilazimika kupika nyama jana yake, mwageni kwenye trei pana, kina kisizidi vidole vitatu au vinne, ipoe upesi, ndani ya saa mbili iwe kwenye jokofu. Kesho yake ipashwe mpaka ichemke kweli, si kupata joto tu. Kama hamna jokofu la kutosha nyama yote, basi msipike jana yake. Amkeni mapema.

#11 Mchangiaji

Mama, hilo la jungu la kufunikwa usiku ndivyo tulivyokuwa tumepanga. Neno kwa neno. Nimempigia shangazi mkubwa sasa hivi.

#12 Bibi harusi wa mwaka huu

Naomba kuuliza keki. Nimeambiwa keki ya watu 150 ni ghali karibu kama kitoweo. Tuna njia?

#13 Mleta uzi

Ipo, na ni rahisi. Kinachokula hela kwenye keki ni kazi ya mapambo na ghorofa. Agiza keki ndogo ya ghorofa mbili kwa ajili ya kukata na picha, kisha keki bapa za ladha ile ile, zisizo na mapambo, zikatwe jikoni na kutolewa zimeshapangwa kwenye sahani. Mgeni anapata ladha ile ile.

Na kama unachagua umbo: keki ya mraba ya upana wa sentimita 30 ni kubwa kuliko ya duara ya upana huo huo kwa karibu asilimia 27, na vipande vyake vinakatika sawasawa bila makombo. Ukiwa unatoa na matunda, keki hesabu kwa watu wanane katika kumi. Wengine hawatachukua.

#14 Mpiga picha

Naomba niwasemee watu wa pembeni. Mimi, msaidizi wangu, mpiga muziki, mshereheshaji, madereva. Tunafika asubuhi tunaondoka usiku. Mara nyingi hatumo kwenye hesabu, halafu mama wa bwana harusi anatuonea huruma, anatutolea chakula kwenye sufuria ya wageni. Watu kumi wanakula ambao hawakuhesabiwa. Ndipo nyama inapokwisha.

#15 Mleta uzi

Kweli tupu, na wahudumu wenyewe pia waongezwe. Mimi huwa naandika mstari wake: "walio kazini, sahani 14," na chakula chao kinatengwa mapema, wanakula wageni wakiwa kwenye hotuba. Mtu aliyesimama tangu asubuhi asile makombo.

#16 Bwana harusi mtarajiwa

Wakuu, mrejesho. Tulikaa na wazazi Jumapili, tukapitia orodha jina kwa jina kama mama alivyosema. Tulianza 200. Baba mwenyewe ndiye aliyetoa majina ya kwanza, kumi na mawili, kabla sijasema neno. Tumefika 155, na wasiojibu tunawapigia. Samaki ametoka. Chakula ni cha kuletewa mezani kwenye mabakuli.

Kimebaki kitu kimoja. Mpishi anataka tuongeze asilimia 20 ya akiba juu ya namba ya mwisho. Mchumba anasema ni nyingi. Ni sawa?

#17 Mleta uzi

Umenifurahisha sana, na mwambie baba namheshimu.

Asilimia 20 ni nyingi kwako. Bafe ya wazi ndiyo inayohitaji akiba kubwa, maana hujui nani atachukua nini. Wewe unapeleka mabakuli yaliyopimwa kwa watu mliowapigia simu. Akiba ya asilimia 5, yaani watu 8, inatosha kwa wale wanaokuja na mgeni asiyetajwa. Usiifanye kwa nyama. Ifanye kwa mchele na mboga, na kilo chache za kuku ambao wako kwenye barafu hawajapikwa. Wakihitajika, wanaiva ndani ya saa moja. Wasipohitajika, hawajaharibika.

Kwenye mkataba, muulize chakula kitakachobaki ni cha nani. Kikiwa chenu, teua mtu mmoja mwenye gari na vyombo vya mifuniko, aondoke nacho kikiwa bado cha moto akakigawe usiku ule ule. Asiwe mtu wa familia ya karibu, awe jirani au rafiki.

Na jikoni, kabla bakuli la kwanza halijatoka, mwambie mpishi atenge sahani mbili zilizojaa na kuzifunika: ya mama yako na ya mama mkwe. Aziandike majina kwa kalamu kwenye karatasi, aziweke kwenye chombo cha moto, na mhudumu mmoja apewe kazi hiyo moja tu, kuwapelekea wakishakaa.

#18 Bwana harusi mtarajiwa

Nimeandika mama. Sahani mbili, na majina juu yake.